Kabla ya maikrofoni, tengenezeni chumba

Mhariri,

Vijana wanaotaka kufungua biashara ya kurekodi vitabu vya kusikiliza huniuliza kwanza wanunue maikrofoni gani. Mimi ni fundi sauti, kazi hii ndiyo inayonilisha, na nawasihi waanze na chumba. Tundikeni mablanketi mazito ukutani, maana mwangwi ukishaingia kwenye rekodi ni vigumu programu kuutoa vizuri. Zimeni feni, kisha sikilizeni kimya chenyewe. ACX, huduma ya Amazon ya vitabu vya sauti, hutaka kelele ya chumba isizidi desibeli -60, kilele cha sauti, yaani pale inapopanda juu kabisa, kisipite -3, na wastani wa sauti uwe kati ya -23 na -18. Haya hayana mjadala.

Linaloniuma zaidi ni bei. Wageni wa kazi hukubali malipo ya jumla kwa kitabu kizima bila kujua rekodi yake itakuwa na urefu wa saa ngapi. Tozeni kwa saa iliyokamilika, yaani saa ya sauti iliyo tayari kusikilizwa, na mkumbuke kuwa saa hiyo moja hula saa kadhaa za kurekodi, kukata na kusikiliza upya huku maandishi yako mkononi. Msomaji akijikwaa, mimi humrudisha sentensi moja nyuma, akajisikia masikioni, kisha akaendelea kwa pumzi ileile. Kazi hiyo ya subira haionekani, lakini ni kazi.

Na mkataba useme nani atalipia marekebisho mwandishi akibadilisha maneno baada ya kurekodi.

Fundi sauti