Nyimbo Zako Zisikae Mahali Pamoja

Mwanangu mpenzi,

Tangu uliponiambia kwamba kompyuta utamwachia mdogo wako na wewe utaondoka na iPod, kile kicheza muziki chako, peke yake, sijatulia. Miaka yote hiyo ya kukusanya nyimbo, pamoja na sauti ya bibi yako tuliyoirekodi, umeiweka katika chombo kinachoenea kiganjani, ambacho kinaweza kuanguka, kulowa au kuibwa. Kampuni ya Apple ilianza kuuza iPod mwaka 2001 na ikatangaza mwaka 2022 kwamba haitengenezi tena, kwa hiyo hicho kikifa hutanunua kipya dukani. Kabla hujafunga sanduku, nakuomba unakili kila kitu kwenye diski ya nje.

Usijiambie kwamba utazitoa baadaye kutoka humo humo. Juzi nilifungua folda yake iliyofichwa nisione jina la wimbo hata mmoja. Niliona mafungu yaitwayo F00, F01 na kuendelea, na ndani yake faili zenye majina ya herufi nne zisizosomeka kuwa neno. Kinachozitambulisha ni taarifa zilizoandikwa ndani ya kila faili, yaani msanii, albamu na namba ya wimbo, na hizo umezijaza kwa subira ambayo mimi sina; nilipoziona nilifurahi sana. Lakini msanii mmoja umemwandika kwa tahajia tatu, ndiyo maana anajitokeza mara tatu kwenye orodha, na bibi yako umemwacha akiitwa «Rekodi 004». Nani atamjua kwa jina hilo? Mwandike jina lake na mwaka.

Jambo jingine, acha kuzigeuza MP3, yaani faili za nyimbo zilizobanwa ziwe ndogo, za kilobiti 128 kwa sekunde kuwa za 320. Sauti iliyokwisha kupunguzwa hairudi, na wimbo wa dakika 5 uliokuwa na takriban megabaiti 5 sasa unachukua 12 bure. Faili za awali usizifute.

Huko uendako, ukiiunganisha iPod na kompyuta ngeni, ikakuuliza kama ifute vilivyomo na kuweka vyake, soma swali lote kisha ukatae. Ile siku kicheza muziki chako cha kwanza kilipokutwa kitupu, nawe ukakaripiwa kwa uzembe mbele ya wenzako, mimi ndiye niliyekuwa nimekichomeka kwenye kompyuta ya kazini nikabonyeza kukubali bila kusoma. Ilipasa niseme siku ile ile. Ndiyo sababu nakusumbua na nakala hizi: nakala moja nenda nayo, nyingine ibaki kwangu, na zote mbili ziwe nje ya hicho chombo.

Diski iko kwenye droo ya chini, chini ya chaja za zamani. Mdogo wako anaitaka kwa ajili ya picha zake, nimemwambia asubiri mpaka umalize. Tumia kebo mpya, kwa sababu ile iliyolegea kwenye ncha hukatisha kazi katikati, na usichomoe kabla kompyuta haijakuruhusu. Ukimaliza, fungua nyimbo mbili tatu kutoka kwenye diski yenyewe uzisikilize hadi mwisho. Ya bibi usiifungue mpaka niwe nimerudi nyumbani.

Mama yako