Risala ya wanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, na wazazi mliovumilia jamu ya Thika Road, hamjambo.

Tumefurahi umekuja, manake wewe ni sista wa miaka mingi wodini na hutahitaji kuelezwa sana.

Somo la maadili na sheria tumesoma na tumepita, hapo hakuna shida. Tunajua Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, na Katiba ya 2010 Kifungu cha 43 inayokataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba hospitali yenye uwezo ikikataa inaweza kupigwa faini hadi shilingi milioni 3. Mgonjwa aelezwe, akubali, ndo umguse. Na picha ya kidonda chake haiendi kwa grupu ya WhatsApp ya darasa hata ukificha uso, manake mtaani hicho kidonda kinajulikana!

Sasa wodini ndo kuna maneno. Tukiwa atachimenti, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, shifti ya usiku, wodi ya akina mama waliojifungua, nasi ni mmoja, vitanda vimejaa, mashine ya presha ni moja na betri imekufa. Saa kumi alfajiri nikaambiwa jaza chati, nikauliza nijaze nini na sijapima, nikaambiwa andika tu kama za saa nne. Mheshimiwa, mimi huyu ninayesoma risala niliandika. 120 kwa 80, mama baada ya mama, na saini yangu kando. Hakuna aliyeumia, lakini mama akivuja damu baada ya kuzaa ni presha na mapigo ya moyo yanakushtua, na daktari angesoma chati yangu aone yuko sawa arudi kulala. Kesi ikifika kortini hiyo chati ndo ushahidi, na haijaandikwa popote kwamba nilitumwa. Yule sista simlaumu sana, alikuwa peke yake tangu jioni na hata chai hakuwa ameonja.

Kwa hivyo tunaomba mashine 3 za presha, zile za kupampu na mkono zisizo na betri, tuzibebe wenyewe tukienda wodini. La pili, utusemee kwa wakubwa wa hospitali tunazopelekwa, mwanafunzi asiachwe usiku bila mtu wa kumsimamia, na akikataa kuandika asichopima asinyimwe saini kwa logibuku yake, kitabu cha kuonyesha kazi alizofanya wodini. Hili halina bei lakini tunajua ndo gumu zaidi.

La tatu lilikuwa ombi la basi, mkuu wa chuo ametuambia tuliweke kando kwanza.

Asante kwa kutusikiza.

Ni sisi wanafunzi wa mwaka wa pili.