Baba, wewe ungeanza na msingi

Roma

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima, kazi inaendelea.

Wiki iliyopita mwanasheria ninayemfanyia usafi ofisini alinichukua nimsaidie kubeba majalada mpaka Jumba la Haki, iliko mahakama ya juu kabisa ya Italia. Tangu siku hiyo nakuwaza wewe tu, maana lile ni jumba la kutazamwa na mwashi.

Liko ukingoni mwa mto Tiber, mita 170 kwa 155 hivi, na nje limevikwa travertino, jiwe jeupe ambalo Warumi wa kale walijengea Colosseum, ule uwanja wao mkubwa wa michezo. Ramani aliichora Guglielmo Calderini. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1889, Mfalme Umberto wa Kwanza akiwepo, na jumba likafunguliwa 1911. Miaka 22, baba! Roma ilikuwa mji mkuu wa Italia tangu 1871 tu, na serikali ile changa ilitaka watu wainue macho waione. Basi Calderini hakuacha ukuta mtupu: nguzo, matao, mashada ya mawe, na sanamu kubwa za wanasheria wa kale, Cicero akiwa mmoja wao. Juu ya paa kuna gari la shaba la farasi wanne, kazi ya Ettore Ximenes, lililopandishwa 1926.

Ndani, kwenye ukumbi mkuu, nilisimama mpaka nikaitwa. Cesare Maccari alichora ukutani historia ya sheria ya Kirumi, kwa ile namna ya kupaka rangi lipu ikiwa bado mbichi. Unajua lipu haimngoji mtu. Alipougua, wanafunzi wake wakamalizia.

Wenyeji huliita Palazzaccio, yaani jumba baya. Wanasema urembo umezidi na uzito umezidi. Gharama nazo zilipanda hadi bunge likaunda tume ya uchunguzi. Mimi baya sikuliona. Niligusa jani moja la jiwe karibu na ngazi, nikaona alivyolipinda fundi asiyejulikana hata jina, nikakumbuka mikono yako.

Ila kwenye uzito wana haki. Pale chini ni udongo wa mto, laini, wenye maji. Walimwaga jamvi zima la zege ndipo wajenge, na bado jumba lilisumbuka. Kufikia 1970 lilikuwa limekuwa hatari, likahitaji ukarabati mkubwa. Wewe huwa unaufinya udongo kwa vidole kabla hujakubali kazi, na watu wanakuona unachelewesha.

Mwambie Zaina kwamba walipochimba msingi, mwaka ule ule wa 1889, walikuta jeneza la jiwe la msichana aliyeitwa Crepereia Tryphaena, aliyefariki karne ya pili akiwa na miaka kama 20. Alizikwa na mwanasesere wake wa pembe za ndovu, mwenye viungo vinavyokunjika magotini na viwikoni. Mwanasesere huyo sasa yuko makumbusho ya Centrale Montemartini, hapa hapa Roma. Jumapili nikipata nafasi nitakwenda nimpigie picha.

Na nyumba ya shangazi kule Sahare, ule ufa wa upande wa baharini umeongezeka? Usimruhusu apandishe ghorofa kabla hujachimba ukaona.

Mwanao,
Rehema