Vijiji vya Chuprene si ardhi tupu

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala mliyoichapisha kuhusu kupungua kwa watu katika vijiji vya Bulgaria, na ninashukuru kwamba mmewakumbuka wasomaji ambao, kama mimi, walisoma katika nchi hiyo enzi za ufadhili wa nchi za kijamaa. Hata hivyo, yamo mambo yanayompotosha msomaji, nami naomba nafasi niyasahihishe: mwandishi wenu ameiita Chuprene, eneo la vijiji huko Bulgaria, manispaa iliyo tupu, kisha akadai kwamba watu wamepungua kwa kuwa wanawake wa huko wameacha kuzaa.

Nianze na neno. Wabulgaria huita eneo la namna hiyo obshtina. Nchi nzima zipo 265, na jina hilo hilo hubebwa na Sofia yenye watu zaidi ya milioni moja na pia na Treklyano, iliyo mpakani na Serbia katika mkoa wa Kyustendil, ambayo haifikishi hata watu elfu moja. Msomaji wetu akisikia manispaa huwaza mji, lami na taa za barabarani. Chuprene haina mji hata mmoja. Ina vijiji tisa, na makao makuu yake nayo ni kijiji. Neno halmashauri lingemsaidia zaidi kuona kinachozungumzwa.

Halmashauri hiyo iko pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi, kusini mwa mkoa wa Vidin, mahali ambapo safu ya milima ya Stara Planina ndiyo mpaka na Serbia. Kilele cha Midzhur, chenye mita 2,168, kimekaa mpakani penyewe, na chini yake huanzia Mto Lom, unaoteremka kaskazini-mashariki hadi kumwaga maji yake katika Danube. Ni kweli kwamba ukichukua watu zaidi ya 2,000 waliokadiriwa mwaka 2009 ukawagawa kwa eneo la zaidi ya kilomita za mraba 300, utapata watu sita au saba kwa kila kilomita ya mraba. Hesabu hiyo haina kosa, lakini haimwambii msomaji watu wanaishi vipi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni msitu na malisho ya mlimani, ikiwamo hifadhi iliyotengwa miaka ya 1970 kulinda misitu ya jamii ya misonobari, na hapo hakuna aliyetarajiwa kujenga. Watu wako mabondeni, nyumba zao zimeshikana kandokando ya mito, na hata majina ya vijiji yanafuata maji: Gorni Lom ni Lom ya Juu, Dolni Lom ni Lom ya Chini. Mtu akisimama katika kijiji kimojawapo hataona utupu. Ataona nyumba za mawe na matofali, miti ya jozi, bustani za pilipili hoho na zizi la kondoo, vyote vikiwa vimebanana.

Nilifika huko mwaka 2016, nikiwa mgeni wa mwanafunzi mwenzangu wa zamani. Tulipokuwa chuoni hakuweza kunialika, kwa sababu kwao kulikuwa ndani ya ukanda wa mpaka, na mgeni hakuingia bila kibali. Kitu kilichonishika moyo ni karatasi za tanzia. Huko tanzia hubandikwa getini, kwenye nguzo za umeme na kwenye kituo cha basi, ikiwa na picha ya marehemu, na hubandikwa tena siku ya arobaini, miezi sita, mwaka, na miaka inayofuata. Katika mtaa tuliopita karibu kila geti lilikuwa na karatasi yake, nyingine zimepauka kwa jua hadi sura haionekani. Mama wa mwenyeji wangu, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, alinionyesha moja baada ya nyingine na kunieleza watoto wa marehemu wako wapi: huyu Sofia, huyu Italia, hawa wawili Ujerumani. Hakusema hata mara moja kwamba mtu fulani hakuzaa.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa la makala. Takwimu za Umoja wa Ulaya za mwaka 2023 zinaiweka Bulgaria juu ya nchi nyingine zote za umoja huo, kwa wastani wa watoto 1.81 kwa kila mwanamke. Kiwango hicho hakitoshi kuziba pengo la wanaokufa, nakubali, lakini hakiwezi kuwa ndicho kilichouhamisha mkoa wa Vidin kutoka watu zaidi ya 101,000 katika sensa ya 2011 hadi takribani 75,000 katika sensa ya 2021, yaani robo ya wakazi ndani ya miaka kumi. Vijana waliondoka. Walianza kuondoka viwanda vya mijini vilipowahitaji, wakazidi baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka mwaka 1989, mashamba ya ushirika yalipovunjwa na ardhi kurudishwa vipandevipande kwa warithi ambao wengi walikwisha kuhamia mjini, na mlango ukafunguka wazi zaidi nchi ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Ajira zilizobaki ni chache na nyingine ni za hatari: tarehe 1 Oktoba 2014 kiwanda cha baruti karibu na Gorni Lom kililipuka wakati mabomu ya zamani ya kutegwa ardhini yalipokuwa yakiharibiwa, na watu 15 wakafa. Katika eneo lenye watu wachache kiasi hicho, ni vigumu kupata nyumba ambayo haikuguswa na msiba ule.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, mchapishe masahihisho, na mkirudi kwenye habari hii mtuwekee pia umri wa wakazi pamoja na idadi yao. Mwanamke wa miaka themanini anayelima bustani yake mwenyewe huko Chuprene anahesabiwa katika sensa kama mtu mwingine yeyote, na haifai aandikwe kwamba haishi mahali anapoishi.

Bwana shamba mstaafu,
Morogoro