Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mbeya

Ndugu wanachama, mama zangu na dada zangu,

Shughuli za kawaida za chama chetu cha kutunza kumbukumbu za wanawake mnazijua, nitazipitia haraka. Machi 8 tuliandamana, tuliwazika wenzetu wawili, tulivitembelea vikundi vya Uyole na Tukuyu. Tulipokea madaftari ya vikao ya kikundi cha mashine ya kusaga, kanga tisa za maadhimisho, na nakala za Sauti ya Siti, jarida la TAMWA, chama kilichoanzishwa na wanahabari wanawake mwaka 1987. Nakala hizo zilikuwa na pini zilizoshika kutu. Jioni tatu nilizing'oa moja moja kwa ncha ya kisu, mimi na katibu tu.

Wanachama ni 61. Waliomaliza ada ya 24,000 ni 22, yaani shilingi 528,000. Pango la chumba ni 600,000. Zile 72,000 zilizopungua nimezitoa mfukoni mwangu. Vikao viliitishwa vinne na akidi ni 21. Walikuja 26, 14, 11 na 9. Inauma. Mnaniambia mvua, lakini Mwanjelwa sokoni mvua haijawahi kumzuia mtu.

Sasa lile sanduku la bati. Liliandikiwa maneno mengi mwaka huu kwenye simu zenu, basi leo nami nisikilizwe.

Familia ya marehemu mwenzetu ndiyo iliyolileta. Mwaka 1995 mama yule alikwenda China, kwenye jukwaa la asasi zisizo za kiserikali lililofanyika Huairou sambamba na mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake wa Beijing, ule ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella wetu. Pamoja na ripoti na beji, sandukuni mlikuwa na vipeperushi vya hema la wanawake wanaopenda wanawake wenzao, maana pale Huairou hema hilo lilikuwepo. Wapo waliotaka vichomwe siku ileile. Mmoja alikuwa ameshashika kiberiti. Nilikataa.

Imesemwa nimejiamulia peke yangu. Si kweli. Katiba yetu hairuhusu kumbukumbu yoyote kuteketezwa bila azimio la mkutano mkuu. Kwa hiyo wa kuomba kibali alikuwa anayetaka kuchoma, siyo mimi ninayetunza. Na kile kikao cha watu 9 ndicho nilichokiitisha kwa ajili ya jambo hilohilo! Imesemwa pia nafundisha usagaji. Mimi natunza karatasi. Kwenye kipeperushi kimojawapo marehemu, mzee wa kanisa tuliyemheshimu sote, ameandika pembeni kwa penseli: "Nimeingia, nimewasikiliza. Mmoja katoka Afrika Kusini." Hayo ni maneno ya mwanamke wa Mbeya, na chama hiki kimeundwa ili maneno ya namna hiyo yasipotee. Mwaka huohuo Palesa Beverley Ditsie wa Afrika Kusini alisimama mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kutetea haki za wanawake hao. Limetokea, na kiberiti hakilifuti.

Nina uchungu na hili kwa sababu naikumbuka BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania. Iliposimamishwa mwaka 1996 na kufutwa mwaka uliofuata, kina mama wa mtaani kwetu tuliingiwa na woga tukachoma kadi na madaftari. Nami nilichoma ya kwangu, jikoni, usiku. Juzi binti wa chuo alikuja kuniuliza tulikuwa wangapi na tulikutana wapi. Sikuwa na hata risiti ya kumwonyesha.

Wenzetu wa Lesbian Herstory Archives, wanaotunza kumbukumbu za wanawake wanaopenda wanawake wenzao, walianza mwaka 1974 ndani ya nyumba ya mtu huko New York. Leo wana jengo lao Brooklyn, walilonunua kwa michango ya wanawake wenyewe. Sisi shilingi elfu mbili kwa mwezi zinatushinda.

Mwakani, Mungu akijalia, tupate chumba kisichovuja, na pengine mashine ya kunakili picha za nyaraka. Yapo mazungumzo, siwezi kuyasema zaidi kwa sasa.

Vipeperushi vimo kwenye bahasha kabatini, ufunguo anao katibu. Hoja ya kuvitunza ni ajenda namba 6, na atakayepiga kura ni mwanachama aliyelipa ada. Mweka hazina yuko pale mlangoni na kitabu cha risiti.