Mizani ya magurudumu ya kaboni haikukamilika

Mhariri,

Makala yenu ya kurasa za michezo kuhusu magurudumu mepesi ya kaboni kwa baiskeli za barabarani ilinifurahisha, kwa sababu ni nadra gazeti la Kiswahili kulipa gurudumu nafasi kubwa namna ile. Lakini hitimisho lake, kwamba anayetaka wepesi anunue tubula na aachane na klincha, limeninyima raha. Mimi ni fundi wa magurudumu. Kazi yangu ni kufunga spoku, kunyoosha ringi na kubandika matairi, na nina hakika kuna kijana aliyeisoma makala ile akaanza kuweka akiba ya tubula bila kuambiwa anachojitwika pamoja nazo.

Kwa ambaye hakuisoma: klincha ni mfumo wa kawaida, ambapo tairi lina kingo ngumu zinazobanwa na kuta za ringi, na tyubu hukaa ndani peke yake. Tubula ni tairi lililoshonwa likawa bomba zima, tyubu imefungiwa humo humo, na kinacholishika kwenye ringi ni gundi tu. Ringi ya tubula haina kuta, ina bonde dogo la kulaza tairi. Kuta hizo zilizokosekana ndizo wepesi wenyewe.

Kosa la kwanza la makala ni kupima magurudumu matupu. Hakuna anayeendesha gurudumu tupu. Tuchukue ringi ya kaboni yenye kina cha wastani. Ya tubula inaweza kuwa na gramu 300, tairi lake gramu 270, na gundi gramu 20 hivi. Jumla 590. Ya klincha tuseme ina gramu 410, tairi zuri la mashindano gramu 210, na tyubu nyembamba ya plastiki ya siku hizi gramu 35. Jumla 655. Tofauti ni gramu 65 kwa gurudumu, gramu 130 kwa baiskeli nzima. Ukiweka tyubu nzito ya mpira wa kawaida tofauti itaongezeka, lakini haitafikia ile iliyotangazwa kwa herufi kubwa katika jedwali lenu.

Gramu 130 hizo zina thamani gani? Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 80, tunazungumzia sehemu ndogo kuliko moja ya mia mbili. Mlima wa kupanda saa nzima, hata tukichukulia kwamba nguvu zote za miguu zinapambana na mlima peke yake, utakupunguzia muda usiofika sekunde 6. Kwa anayegombea ushindi kileleni sekunde 6 ni mali. Na hata huyo hubanwa na sheria ya shirikisho la kimataifa, UCI, ambayo tangu mwaka 2000 imeweka kilo 6.8 kuwa uzito wa chini wa baiskeli ya mashindano. Baiskeli kadhaa za kaboni za daraja la juu zimeshafika hapo bila msaada wa tubula.

Mwandishi alirudia pia usemi wa zamani kwamba gramu ya kwenye ringi ni sawa na gramu nyingi za mahali pengine. Unapoongeza kasi, gramu iliyo pembezoni mwa gurudumu huhesabika kama mbili, kwa kuwa inasonga mbele na papo hapo inazunguka. Haizidi mbili. Ukishapata mwendo wako, ukawa unapanda kwa kasi ileile, gramu ya ringi na gramu ya chupa ya maji zinavutwa chini sawasawa.

Sasa gundi. Makala iliipa sentensi moja, "hubandikwa kwa gundi maalumu," ikapita. Ningeomba ipewe ukurasa.

Ringi mpya ya kaboni mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa na utelezi wa kalibu, yaani mabaki ya kilainishi kinachosaidia ringi kutoka kwenye kalibu, nao usiposafishwa gundi haishiki. Tairi jipya lazima livutwe juu ya ringi kavu, lijazwe upepo na kuachwa siku nzima au zaidi lilegee, la sivyo siku ya kubandika utapigana nalo huku gundi ikikupaka hadi viwikoni. Kisha unapaka ringi tabaka jembamba, unaliacha likauke, unapaka la pili, unaliacha tena, na kwenye utepe wa kitambaa ulio chini ya tairi unapaka lake. Mwisho ni tabaka la kunasisha. Unaanza kwenye valvu, unavuta tairi pande zote mbili kwa nguvu sawa, unalinyoosha kabla gundi haijakamata, unajaza upepo na kuliacha saa 24. Anayekimbiza kazi hii akaimaliza jioni moja hajabandika tairi, ameliegesha.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wenye uzoefu hulipuuza: bonde la ringi na mgongo wa tairi lazima vilingane. Ringi iliyochongwa kwa tairi la milimita 22 ukiipachika la milimita 28, tairi litagusa kingo tu na katikati kutabaki pengo. Ukitazama kwa juu kila kitu ni safi. Kwenye kona, nguvu inakuja kwa ubavu, na hapo ndipo gundi inapotakiwa iwe imeshika upana wote wa bonde.

Wapenzi wa mchezo huu watamkumbuka Mhispania Joseba Beloki. Tarehe 14 Julai 2003, kwenye Tour de France, alikuwa wa pili kwa jumla akiteremka kuelekea mji wa Gap. Joto la siku ile lilikuwa limelainisha lami. Gurudumu la nyuma likateleza, tairi likachomoka kwenye ringi, akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Hakurudi tena katika ubora ule. Na huyo alikuwa na timu ya kulipwa yenye mafundi wake.

Siisemi tubula vibaya. Ina sifa ambayo makala, kwa shauku yake ya gramu, iliisahau kabisa: tairi lililobandikwa vizuri linaweza kupata pancha ukaendelea kuendesha taratibu bila kupoteza usukani, kwa kuwa limeshikamana na ringi. Tena ringi yake haina kingo kali za kuikata tyubu gurudumu linapogonga shimo. Kwa mwenye gari la timu nyuma yake, hizo ni sababu nzito kuliko uzito. Kwa anayeendesha peke yake hesabu ni nyingine: atabeba tairi zima la akiba, limekunjwa chini ya kiti likiwa na gundi ya zamani, na akishalibadilisha barabarani atateremka na kukata kona kwa uangalifu mkubwa mpaka libandikwe upya. Mwenye klincha anatoa tyubu mfukoni, anaibadilisha, anaondoka na kona zake zilezile. Na kutia kiraka ndani ya tubula ni kufumua mshono, kuziba, kushona, kisha kubandika tena. Ninaifanya kazi hiyo, ila wengi waliojaribu nyumbani waliishia kununua tairi jipya.

Swali ambalo makala ilipaswa kuanza nalo ni la breki. Kama baiskeli yako inabana ringi, klincha ya kaboni ina hatari yake, na hapa wanaoitetea nao huwa hawasemi yote. Mteremko mrefu ukishika breki mfululizo huchemsha ringi. Kaboni yenyewe haiyeyuki. Kinacholainika ni resini inayoishikilia, na wakati huohuo upepo wa tairi unazisukuma kuta za ringi kwenda nje. Ukuta ukilegea, ringi imekufa. Ndiyo maana watengenezaji wengi hukataza tyubu za mpira laini wa lateksi kwenye ringi hizo, na hudai vibao vya breki vilivyotengenezwa kwa ajili ya ringi za kaboni pekee. Kibao kilichowahi kutumika kwenye ringi ya alumini kimebeba chembe za chuma, nazo zitachimba ringi yako mpya. Ringi ya tubula hustahimili joto vizuri zaidi kwa sababu haina kuta za kusukumwa, ingawa joto hilohilo linalainisha gundi. Mtu mzito anayeteremka milima mirefu kwa breki za ringi ningemshauri ringi ya alumini, hata kama haipendezi machoni. Breki za diski, ambazo UCI iliziruhusu rasmi kwenye mbio za barabarani mwaka 2018, zimeondoa joto hilo kwenye ringi, na kwa mwenye diski sababu ya kuiogopa klincha ya kaboni imekwisha.

Timu kubwa zilizoishikilia tubula kwa miongo mingi sasa nyingi zimehamia tyublesi, tairi lisilo na tyubu linalotumia maji ya kuziba matundu. Walichofuata ni wepesi wa tairi kuviringika. Kati ya tairi bora la mashindano na tairi gumu la mazoezi tofauti inaweza kupita wati 10 kwa jozi, na wati hizo unazipata tambarare, mlimani na kwenye upepo. Anayechagua tyublesi asome kama ringi yake ina kingo zilizojikunja au haina. Isiyo nazo ina ukomo wa baa 5 za upepo, takriban psi 72, na inataka tairi lililoidhinishwa kwa ringi hiyo.

Naomba, mhariri, mtakapochapisha tena jedwali la magurudumu, muweke uzito pamoja na tairi, tyubu na gundi, aina ya breki, na uzito wa juu wa mwendeshaji uliowekwa na mtengenezaji.

Na kwa aliyekwisha kununua tubula: kabla hujateremka nazo popote, toa upepo wote, weka vidole gumba viwili ubavuni mwa tairi na ulisukume kwa nguvu, mzunguko mzima, upande mmoja kisha wa pili. Ukiona utepe unaachana na ringi hata kwa upana wa ukucha, usiongeze gundi juu juu. Livue tairi lote, ulirudie tangu mwanzo, au umpelekee fundi anayebandika mbele ya macho yako.

Fundi wa magurudumu,
msomaji wenu