Maldivi au Morisi? Dada yangu anasema simjui mama yetu

Shangazi shikamoo,

Ni saa 9 usiku na sijafumba jicho. Najua unaletewa makubwa kuliko haya, watu ndoa zinawavunjikia, na mimi nakuja na habari za likizo. Naomba unisome hadi mwisho. Mke wangu ameshachoka kunisikiliza, ananiambia nichague tu pwani moja nilale.

Mimi na dada tulikubaliana kumpeleka Mama mapumziko nje ya nchi mwezi wa 8, siku 8, sisi watatu tu. Mama ametimiza miaka 70, na tangu Baba atutoke hajaenda popote. Wazo lilikuwa langu. Naliweka hapa juu ili lijulikane: wazo lilikuwa langu. Mimi nataka Maldivi, dada anataka Morisi. Tulianza kwa kutumiana picha huku tukicheka. Leo ni wiki ya 3 tunaandikiana "sawa" na "nimeona".

Dada ana hoja, sitamsingizia. Anasema Agosti kule Maldivi ni majira ya kusi, mvua na mawimbi, na wanaojua mambo huenda kati ya Desemba na Aprili wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Ni kweli. Anasema visiwa vile vya hoteli, kisiwa kimoja hoteli moja, unavimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, na siku ya 3 Mama atauliza tunarudi lini. Morisi ni nchi ya kutembea, unakodi gari na dereva. Kuna mlima Le Morne unaosimama juu ya bahari, ule waliojificha watumwa waliotoroka. Kuna udongo wa rangi 7 kule Chamarel. Kuna bustani ya Pamplemousses yenye mayungiyungi ambayo majani yake ni mapana kama sinia za harusini. Mama kwa mimea humwambii kitu. Hiyo ya bustani ilinigusa, nakiri.

Lakini na mimi nimefanya kazi yangu. Morisi Agosti ni kipindi cha baridi. Usiku joto linashuka hadi nyuzi 17 hivi, kusi inapiga moja kwa moja pwani ya mashariki, na maji ya bahari hayafiki nyuzi 25. Magoti ya Mama kwenye baridi ni kilio. Dada akajibu kwamba tutakaa magharibi, Flic en Flac, milima inakinga upepo. Ana jibu la kila kitu, huyu. Nikamwambia Maldivi maji ni nyuzi 28 au 29 mwaka mzima, yanaingilika hata na mvua ikinyesha, na nchi yenyewe ni tambarare, karibu yote haifiki hata mita 3 kutoka usawa wa bahari. Mtu mwenye magoti mabovu anatoka kitandani anakanyaga mchanga, anakanyaga maji, basi. Nimetafuta kisiwa cha karibu na Malé, mji mkuu wao, kinachofikiwa kwa boti ya kasi kutoka uwanja wa ndege, kwa sababu zile ndege za majini haziruki usiku, na ngazi yake ni nyembamba, Mama hawezi. Nimepiga simu hotelini nikauliza kutoka gatini hadi chumbani kuna vidato vingapi. Vidato vya kushukia majini ni 4 na kuna chuma cha kushika. Shangazi, mtu asiyejali anapiga simu kuuliza vidato?

Nikajaribu hata kumkaribia nusu ya njia. Nikamwambia kama tatizo ni upweke, tusikae kisiwa cha hoteli, twende visiwa vya wenyeji. Tangu 2009 wameruhusu nyumba za wageni huko, kisiwa cha Maafushi ziko nyingi. Mama ataona watoto wakienda shule, atasikia adhana, ataongea na wanawake wenzake hata kwa mikono. Tena ni nafuu sana. Dada akanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba tu.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Chumbani kwa wazazi kuna kalenda ya zamani. Mwaka wake ulipita zamani sana lakini haijawahi kutolewa ukutani. Picha yake ni nyumba za mbao juu ya maji, maji yale ya kijani kibichi yanayogeuka bluu, na daraja la mbao linalokwenda hadi mwisho wa picha. Pembe moja imekunjika, imebandikwa kwa plasta ya kidonda. Nimekua nikiiona. Miaka yote najua ile ni ndoto ya Mama. Nikamwandikia dada kwamba mimi sijachagua Maldivi kwa anasa, nimechagua kwa sababu ya kalenda.

Akanitumia ujumbe wa sauti wa sekunde 40. Hakupaza sauti, na bora angepaza. Alisema: "Ile kalenda aliitundika Baba. Ilikuwa ya Baba. Mama alikuwa anataka kuitoa kila mwaka apake rangi ukuta. Ungekuwepo ungejua. Wewe ulikuwa unatuma pesa."

Wewe ulikuwa unatuma pesa.

Nimeusikiliza ujumbe ule mara ngapi, sitaki hata kusema. Baba aliugua miaka 2. Miaka 2 ile nilirudi mara 2, mara moja kumuuguza siku 9, mara ya pili kumzika. Ni kweli dada ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Sijawahi kukana. Lakini zile dawa zilinunuliwa na nani? Lile gari la kumpeleka kliniki kila wiki? Mkataba wangu wa kazi ulikuwa hauna likizo ndefu, ningeondoka ningeondoka moja kwa moja, na hapo nani angelipa? Kila mtu alibeba upande wake. Kwa nini upande wake uitwe kuuguza na wangu uitwe kutuma pesa?

Sitaki aniombe msamaha. Siutaki. Nataka tu aufute ule ujumbe. Hapana, hata akiufuta mimi nimeshausikia. Nataka aseme mbele ya Mama kwamba na mimi nilikuwepo.

Utaniuliza, Mama mwenyewe anasemaje? Tulitaka iwe siri, ila ilivuja alipopelekwa kupiga picha ya pasipoti. Nilimpigia Jumapili, nikamuuliza kwa kuzunguka, Mama unapenda bahari ya joto au milima kidogo na bustani? Akasema, "Nyie ndio mnaojua." Kisha akauliza kama dada yangu amelipona lile jino. Sikujua kama dada ana jino. Nikasema amepona. Shangazi, nilimdanganya Mama kuhusu jino la dada yangu kwa sababu sikutaka ajue kwamba hatuongei.

Nilimuuliza pia kuhusu kalenda. Nilijikaza nikauliza, Mama ile kalenda bado ipo? Akanyamaza kidogo. Akasema ipo, ameipangusa vumbi juzi. Sasa hilo ni jibu la mtu aliyetaka kuitoa kila mwaka? Au ni jibu la mjane? Nimelala na hilo swali siku 4. Na kama dada anasema kweli, kwamba ilikuwa ndoto ya Baba, basi mimi nampeleka nani Maldivi? Baba alikuwa na desturi ya kuniita nikiwa mdogo ananinyanyua nione lile daraja kwa karibu, ananiuliza linaishia wapi. Nilikuwa nimesahau. Nimekumbuka wiki hii.

Juzi nikaamua nimalize. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ya Morisi yote, tiketi 2, hoteli ya Flic en Flac, gari na dereva siku zote 8, bustani, kila kitu. Nilipie mimi, waende wao wawili, dada amtembeze Mama anakotaka, mimi nibaki kazini. Fukwe za kule ni za umma, hakuna wa kumfukuza Mama mchangani hata mkikaa hoteli ndogo, kwa hiyo si lazima iwe ya gharama. Nikaona ni uungwana. Dada atapata Morisi yake, Mama atapumzika, na mimi nitakuwa nimeonyesha moyo. Nikaandika ujumbe mzima. Kidole kikiwa juu ya kitufe nikaona nilichoandika. Nilikuwa namwandikia dada kwamba nitatuma pesa.

Sikuutuma. Upo hapa kwenye simu.

Kwa hiyo swali langu, sijui hata kama ni swali. Nikikubali Morisi nikaenda nao, nitakuwa nimekiri kwamba simjui Mama? Nikishikilia Maldivi, mvua ikinyesha siku 8, nitamtazama dada usoni vipi? Na nikiwaachia waende bila mimi, hiyo inaitwa kuwaheshimu au ni kukimbia tena? Mke wangu anasema nimpigie dada nimuulize kuhusu lile jino, nisitaje likizo kabisa. Mimi naona ni kama kushindwa. Lakini nilichukua simu mara 2 jana usiku. Wewe ungempigia?

Na kama kati ya wasomaji wako yupo aliyempeleka mzee wake Maldivi Agosti, anieleze ukweli, ile mvua ni ya kutwa au ni ya kunyesha saa moja ikapita? Hoteli ya kule wametushikia vyumba hadi Ijumaa saa 6 mchana, vyumba 2 vinavyopakana, cha Mama na dada kimoja na changu. Niliomba vipakane. Sijamwambia dada hilo.

Ni mimi, mtoto wa pili